Paswadi Iliyonila Laki Tatu

Najua nimepotea. Wengine mmekuwa mkinikuta pale vimbwetani mnaniuliza mbona siandiki, nami nasingizia majaribio. Ukweli ni kwamba kuna jambo lilikuwa linanikaba hapa kooni, na kila nikikaa niandike naona kama nitawadanganya nikiandika kingine. Leo nalitapika. Mcheke mkimaliza.

Basi bwana, Januari 2024 nilikuwa narudi chuo kutoka likizo ya Krismasi. Nilikuwa mwaka wa kwanza, bado mshamba wa jiji. Asubuhi ya safari, pale stendi ya Korogwe, mama akanivuta pembeni ya basi akanipa bahasha. Laki mbili. Kikoba chao kilikuwa kimevunjwa Desemba na hilo lilikuwa gawio lake. Akasema, "Baba, mimi nikikaa nazo hizi zitaisha kwenye unga. Weka wewe. Mdogo wako yuko kidato cha nne mwaka huu, akifaulu tutazihitaji." Nikasema sawa mama. Nikaziweka.

Nilipoziweka ndipo penye kisa.

Wiki hiyo hiyo chuoni stori zote zilikuwa za bitcoin. Marekani walikuwa wameruhusu mifuko ya uwekezaji ya bitcoin kuuzwa kwenye masoko yao ya hisa, na kila mwenye simu alikuwa mchumi. Kuna mshikaji wa bweni la jirani alikuwa anauza na kununua. Nikachukua laki mbili za mama, nikaongeza laki moja kutoka kwenye bumu langu, nikampa. Nikapata bitcoin 0.0027 hivi. Sikumwambia mama. Nilijiambia nitamshangaza.

Kwa wasioijua hii kitu, nieleze kidogo. Ukisahau namba ya siri ya pesa za simu unapiga huduma kwa wateja, unakwenda dukani na kitambulisho, yule dada anakupa namba mpya na maisha yanaendelea. Bitcoin haina dukani. Haina yule dada. Ulicho nacho ni ufunguo, yaani namba ndefu mno inayothibitisha kwamba fungu fulani ni lako. Programu ya pochi inauhifadhi ufunguo huo kwenye kompyuta yako, na wewe unaufungia kwa paswadi. Halafu inakupa maneno 12 ya Kiingereza, yaliyochaguliwa kutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, inakuambia yaandike kwenye karatasi uyafiche. Paswadi ikipotea, maneno yanakuokoa. Vyote viwili vikipotea, imekula kwako. Mwenzangu wa chumbani alinikumbusha kwamba hata Benki Kuu yetu ilitoa tangazo mwaka 2019 kutahadharisha watu kuhusu sarafu hizi. Nikamwona mchawi wa maendeleo.

Nikafungua pochi usiku, kwenye kimbweta, laptopu mapajani. Nilikuwa nimesoma habari za wezi wa mtandaoni, basi nikatunga paswadi ndefu ya kishujaa. Jina la utani la bibi, mwaka fulani, alama mbili tatu, herufi kubwa zimechanganywa na ndogo. Maneno 12 nikayaandika ukurasa wa mwisho wa kaunta buku la somo la Saikolojia ya Elimu. Nikaona nimemaliza kazi.

Likizo ndefu ya 2024 nilirudi nyumbani na mzigo wa madaftari nikayaacha kule. Nani anabeba madaftari ya mwaka wa kwanza?

Desemba 2024, bitcoin moja ikavuka dola 100,000 kwa mara ya kwanza. Nikapiga hesabu haraka haraka. Laki tatu yangu imekuwa zaidi ya laki sita! Nikafungua laptopu mikono inatetemeka. Nikaandika paswadi. Siyo. Nikaandika tena polepole. Siyo. Jina la bibi nalikumbuka. Mwaka? Niliweka wa kuzaliwa kwangu au wa kumaliza la saba? Alama ilikuwa mbele au nyuma? Duh! Usiku ule nilijaribu mpaka adhana ya alfajiri.

Sikuogopa sana, maana maneno 12 yapo. Krismasi nikaenda nyumbani, hata mkoba sijautua nikauliza, "Mama, yale madaftari yangu?"

"Yapi, yale ya zamani? Si nilifungia karanga! Karatasi zake nzuri, nzito."

Wadau, mama yangu anauza karanga na vitumbua pale barabarani. Kuna abiria mmoja wa basi, sijui alikuwa anakwenda Moshi au Lushoto, alikula karanga za shilingi mia tano kutoka kwenye ufunguo wa ada yetu, akaukunja, akautupa dirishani. Nilikaa kwenye kigoda nikaomba maji. Mama akadhani ni uchovu wa safari.

Niliporudi chuo nikawa kama mgonjwa. Cha kuchekesha ni kwamba mimi ni mwalimu mtarajiwa, na kusahau tumefundishwa. Tumesoma Ebbinghaus, yule Mjerumani ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, tusiporudia. Nami sikuirudia paswadi hata siku moja. Tukasoma pia jaribio la mwaka 1975 la Godden na Baddeley, waliowapa wapiga mbizi orodha za maneno. Waliojifunza chini ya maji walikumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na waliojifunza nchi kavu walikumbuka zaidi nchi kavu. Mahali panasaidia kumbukumbu.

Basi nikaenda kile kimbweta. Usiku, saa ile ile, chai ile ile ya rangi na chapati moja, laptopu mapajani. Nikafumba macho. Na mnajua, ilisaidia kidogo! Nikakumbuka kwamba nilipokuwa naitunga kuna dada alipita anaimba, nikakosea herufi, nikaiacha hivyo hivyo kwa makusudi nikijisemea mwizi hataijua. Ndiyo. Mwizi hakuijua. Na mimi pia.

Nikaanza kusoma habari za wenzangu. Kuna mtaalamu wa kompyuta, Stefan Thomas, mwaka 2011 alilipwa bitcoin 7,002 kwa kutengeneza video ya kueleza bitcoin ni nini. Ufunguo akauweka kwenye kifaa kinachokupa nafasi kumi tu za kukisia, baada ya hapo kinajifunga milele. Karatasi ya paswadi ikapotea. Januari 2021 magazeti yaliandika kwamba alikuwa ameshatumia nafasi nane. Kuna mwingine wa Newport kule Wales, James Howells, diski yake yenye ufunguo wa bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa jalalani mwaka 2013. Akaipeleka halmashauri mahakamani ili aruhusiwe kufukua, na Januari 2025 jaji akaitupa kesi. Nilisoma nikapata faraja ya kijinga, kama mtu aliyefeli anayefurahi kusikia hata mtoto wa profesa kafeli.

Kinachouma ni kwamba hela inaonekana. Kumbukumbu za bitcoin ziko wazi kwa dunia nzima, naandika anwani yangu naiona ile 0.0027 imetulia pale pale. Hakuna aliyeiiba.

Nikafanya kosa la pili, nikauliza kwenye magrupu. Ndani ya saa moja nilikuwa na "wataalamu" watatu wa kurudisha kripto, kila mmoja anataka hela ya kuanzia. Mmoja alitaka elfu hamsini. Niliifikisha kwa wakala, nikasimama kwenye foleni, nikamwona mama mmoja mbele yangu anatuma hela kijijini, anahesabu noti za elfu moja moja. Nikatoka kwenye foleni. Jamani, mkipoteza cha kwanza msiongeze cha pili.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Mdogo wangu kafaulu. Simu ikaita. "Kaka, nimepata!" Analia kwa furaha, na mimi nalia, ila chumba changu kilikuwa kingine.

Nikaanza kufundisha twisheni Sinza, watoto wanne wa sekondari, jioni na Jumamosi. Hadi Juni 2025 nilikuwa na laki na ishirini. Majina ya kidato cha tano yakatoka, na orodha ya vitu ikaja: godoro, tranka, shuka, sare, ndoo, nauli ya mpaka Iringa. Nikaona siwezi kuendelea kujificha. Nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona sauti hivyo?"

Nikamwambia yote, nikijaribu kueleza paswadi ni nini. Nilisema ni kama kufuli la kabati ambalo ufunguo wake ni neno, na neno nimelisahau. Kimya. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hela iko ndani ya kabati?" Nikasema iko. "Na hukuinywea pombe?" Sikuinywea mama. Akashusha pumzi. "Hela sitaililia sana. Miezi kumi na nane nakuuliza, unaniambia ipo mama. Hiyo ndiyo imeniuma."

Akakopa kikoba. Mdogo wangu aliripoti wiki moja baada ya wenzake. Deni hilo nalilipa mimi, na limebaki kidogo.

Sikumwambia habari za daftari. Alipouliza kama hakuna namna nyingine ya kufungua, nilisema hakuna. Huo ndio uongo pekee niliobaki nao kwa mama na sidhani kama nitaurudisha. Karanga zile ndizo zilizonisomesha.

Mwenye pochi humu, andika maneno yako leo, nakala mbili, sehemu mbili, na siyo kwenye daftari la masomo. Mwenye hela ya mtu, mwambie mwenyewe iko wapi.

Mimi bado kila Jumapili usiku naonekana pale kimbwetani na chai. Mkinikuta nimefumba macho msinisemeshe. Kesho saa moja asubuhi nina somo. Usiku mwema.