Kutoka Busia hadi Tororo kwa Gia Moja

Baba yangu aliendesha bodaboda ya baiskeli mpakani Busia kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumiliki baiskeli yenye gia. Yake ilikuwa Black Mamba, ile nyeusi nzito, yenye keria pana iliyofungwa mto wa sponji kwa ajili ya abiria. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba mji wetu hutajwa kila mara asili ya neno bodaboda inapoelezwa: vijana walivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine, wakawa wanaitwa kwa lile walilokuwa wakilipazia sauti kuwaita wateja. Baba hupenda kuongeza kwamba neno lilipandishwa cheo likahamia kwenye pikipiki, nao waliolizaa wakaachwa kando ya barabara wakilitazama likipita.

Baada ya mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipakua mahindi kwenye malori likizo nzima, nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia 21, tatu mbele na saba nyuma. Baba aliizunguka mara mbili. Akainama, akaushika mkono wa gia, kile kifaa chenye vigurudumu viwili kinachoning'inia chini ya friwili, akaushika kwa vidole viwili kama mtu anayemwinua panya kwa mkia. "Na hiki kikivunjika?" akauliza. Nilimjibu kwamba hakivunjiki.

Nilikuwa na hesabu zangu. Baiskeli yake ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa hiyo kila alipozungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma lilizunguka karibu mara mbili na nusu, iwe tambarare au mlimani, iwe amebeba mtoto au gunia la saruji. Yangu, nikiiweka kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu nalo lilizunguka mara moja tu. Mwendo ni wa konokono lakini mguu hauumii. Nilimweleza haya kwa kuchora mavumbini. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema gia zake alikuwa nazo magotini.

Mama huuza omena. Alikuwa na mteja mmoja Tororo, ng'ambo ya Uganda, ambako samaki haohao huitwa mukene, na nauli ya matatu ilikuwa ikiila faida yote. Nikajitolea kupeleka magunia kwa baiskeli. Tulikubaliana kwamba faida itakayobaki itamalizia karo yangu, ambayo bila hiyo nisingeruhusiwa kufanya mitihani ya muhula. Safari tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Nilikuwa nikitoka alfajiri, na sikuhitaji kuuliza njia, kwa sababu Mwamba wa Tororo huanza kuonekana ungali mbali, umesimama peke yake kama kichuguu cha majitu.

Katika safari hizo gia zilianza kulia tik-tik-tik, na hilo nililijua. Waya mpya wa gia hulegea kidogo siku za mwanzo, basi mkono wa gia haufiki pale unapoamriwa kufika, na cheni hubaki ikisitasita kupanda kwenye meno makubwa. Dawa yake ni kile kikaza waya kidogo cha kuzungushwa kwa vidole, pale waya unapoingilia mkono wa gia. Ukikizungusha kinyume cha saa waya hukaza na cheni hupanda kwa wepesi. Ukikizungusha kwa mwelekeo wa saa hulegea, na cheni hushuka kwa wepesi. Robo mzunguko, unajaribu, robo nyingine. Niliona nimeshakuwa fundi.

Safari ya nne ndiyo iliyonifunza. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, anayeingia Uganda hukaguliwa mara moja tu, upande wa Uganda. Niliegemeza baiskeli ukutani na gunia likiwa juu yake, nikaenda na kitambulisho changu. Niliporudi ilikuwa imelala chini kwa ubavu wa kulia. Gunia lilikuwa salama, nikashukuru, nikainua mzigo wangu bila kutazama kitu kingine.

Mbele kidogo kelele zikaanza. Nikasimama, nikazungusha kikaza waya, kelele zikapungua, nikaendelea. Kosa langu lilikuwa hapo. Baiskeli ikiangukia ubavu wa kulia, kinachopokea kishindo ni mkono wa gia, na kile kibao cha chuma kinachoushikilia kwenye ekseli hupinda kuelekea ndani. Waya haukuwa na hatia yoyote. Nilikuwa nimemtibu asiyeumwa.

Kwenye mkono wa gia kuna skurubu mbili ndogo, aghalabu zimeandikwa H na L. Ya H huizuia cheni isianguke nje ya meno madogo kabisa. Ya L huizuia isivuke meno makubwa ikaingia kwenye spoki. Ni kama vizuizi viwili vya barabarani, kila kimoja upande wake. Yangu ya L ilikuwa imefungwa sawasawa na wala sikuigusa. Lakini kibao kilipopinda, kila kitu kilichoning'inia juu yake kilihamia ndani, na kizuizi kikahama nacho. Kwenye gia za katikati usingejua. Nilipofika kwenye mwinuko karibu na Tororo nikashusha gia hadi ya mwisho, ile ya mahesabu yangu ya mavumbini, na mkono wa gia ukaingia kwenye spoki.

Sauti yake sitaisahau. Gurudumu lilikwama, nikaanguka pamoja na gunia. Spoki nne zilikuwa zimekatika, mkono wa gia umejikunja hadi nyuma ya ekseli, na omena zilikuwa zikimwagika polepole kupitia tundu la gunia, huku kuku wa boma la jirani wakija mbio kama walioalikwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli chini ya mwembe aliniita. Tulizungumza Kiswahili, yeye chenye lafudhi ya Kijopadhola, mimi cha darasani. Hakuuliza imekuwaje. "Mwanangu, unataka ipone au unataka ufike?" Nikasema nataka nifike. Akaufungua mkono wa gia wote akanipa mkononi. Akatoboa pini ya cheni kwa msumari na nyundo, akaikata, akaipitisha kwenye meno ya katikati mahali ambapo ilinyooka na ya mbele, akavuta gurudumu nyuma ikakaza, akafunga nati. Akazikaza spoki za jirani na zile zilizokatika ili gurudumu lisiyumbe sana, na breki ya nyuma akaifungua kabisa kwa sababu rimu ilikuwa ikiigusa. Kazi ya chini ya saa moja. Gunia alilishona mkewe.

Nikaingia Tororo kwa gia moja, nikiwa nimesimama juu ya pedeli, kisha nikashuka nikasukuma. Mteja alipima, akakata pesa za kilichopungua, na alikuwa na haki. Karo ilibaki na pengo.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Nilichokiogopa hakikuwa umbali bali uso wa baba. Alikuwa ameketi nje. Aliitazama baiskeli, cheni moja, gia moja, akatazama ule mkono uliokunjika kwenye keria na kipande cha cheni nilichokitoa mfukoni. Nilisubiri acheke. Akasema, "Lete taa."

Tulifanya kazi siku mbili. Spoki alizifunga yeye, akalinyoosha gurudumu kwa kuligusisha kucha ya kidole gumba, bila kipimo kingine. Mkono wa gia tulipata mwingine kwenye chuma chakavu sokoni. Kibao kilichopinda alikinyoosha kwa spana, akichuchumaa nyuma ya baiskeli na kufumba jicho moja hadi vile vigurudumu viwili vikasimama wima sambamba na meno. Hapo akanipisha. Nikaanza na H, waya ukiwa umelegea, hadi kigurudumu cha juu kikakaa chini ya meno madogo kabisa. Nikavuta waya nikaubana. Nikausukuma mkono wa gia kwa mkono hadi kwenye meno makubwa, nikafunga L mpaka usiweze kwenda zaidi hata ukisukumwa. Kikaza waya kikaja mwisho kabisa. Baba alizungusha pedeli huku ametega sikio, na kila iliposita alisema "bado".

Cheni niliipima kwa rula ya shule. Viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Vyangu vilizidi kwa karibu sehemu ya nane ya inchi. Ilikuwa imelika, na cheni mpya ingeruka juu ya meno yaliyolika nayo, kwa hiyo ingebidi kununua vyote viwili. Tukaunga kile kipande cha zamani, kikongwe na kikongwe mwenzake. Pengo la karo baba alilijaza kwa kuuza Black Mamba. Aliniambia baada ya kuiuza, si kabla, na hakutaka tuizungumzie.

Desemba aliniomba baiskeli apeleke gunia la mama Tororo. Alirudi jioni, akaiegemeza ukutani kwa ubavu wa kushoto, akaenda kuoga. Nilikwenda kuitazama. Cheni ilikuwa kwenye meno makubwa kabisa ya nyuma.