Alama za Ngozi ya Muzee

Zamani, huku kwetu Nyangwe, ngozi ya mtu ilisomwa. Kwa chale zake ulijua anatoka upande gani. Leo chale zimepungua, lakini ngozi za watu tungali tunazisoma, na mara nyingi tunazisoma vibaya. Tukiona mzee mwenye mabaka miguuni, tunanong'onezana: « Ule muzee balimuroga. » Watoto wanasikia, nao wanaanza kumkimbia. Basi tujifunze kusoma upya.

Kwanza, ziko alama za umri wenyewe: vidoa vyeupe kama punje za mchele kwenye miundi na mikono, vinavyokuja na miaka na jua, tena vile vidutu vyeusi vya usoni ambavyo wengi wanavirithi kwa wazazi. Huo si ugonjwa. Tuviache.

Pili, alama za mto. Penye maji ya kasi huzaliwa visubi, vile vinzi vyeusi vidogo vinavyouma mchana na kuingiza minyoo mwilini. Mtu anajikuna miaka na miaka, kisha miundi yake inabaki na mabaka kama ngozi ya chui. Macho nayo yanaweza kupofuka. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kutoa bure dawa ya ivermektini. Mgawaji wa kijiji anakupima urefu kwa kijiti ili ajue vidonge vingapi akupe. Dawa hiyo inaua watoto wa minyoo, haiui minyoo mikubwa, ambayo inaweza kuishi hata miaka 15. Ndiyo sababu tunarudia kila mwaka. Mabaka hayatatoka, lakini macho yatalindwa.

Tatu, baka lililopauka, ukiligusa halisikii: pengine ni ukoma. Twende kituo cha afya mapema. Dawa zake ni za bure na zinaponya.

Mwisho, alama za kununua. Mtu akichoka na madoa yake, anatafuta sokoni pomade ya kung'arisha. Nyingine zina haidrokinoni au zebaki. Mwanzo doa linafifia. Ukiendelea miaka, uso unaweza kupata weusi wa kibuluu ambao ni vigumu kutoka, na zebaki inaharibu figo.

Kwetu mzee anapewa kiti kwanza. Tusimpe kiti huku tukiisema miguu yake. Tumuulize: « Jambo muzee, dawa ya mwaka huu ulishakunywa? »