Feni Isiyo na Msemaji
Nimeishi kwa kutengeneza kompyuta za mezani, na katika miaka yote hiyo jambo nililolitetea kuliko mengine ni hili: feni ya pawa saplai isihesabiwe kuwa nzima kwa sababu tu hakuna onyo kwenye skrini. Programu za kupima joto na kasi haziingii ndani ya kisanduku kile. Zinasoma chipu iliyo kwenye mazabodi, nayo huhesabu mapigo yanayoletwa na waya wa tatu wa feni, mawili kwa kila mzunguko. Mapigo 40 kwa sekunde ni mizunguko 1,200 kwa dakika. Feni ya prosesa ina waya huo, na ya kesi mara nyingi inao. Ya pawa saplai huchomekwa kwenye bodi yake yenyewe ndani ya bati, na katika nyaya zote zinazotoka nje, kwa kawaida hakuna unaobeba habari zake. Zipo chache zinazotoa taarifa: baadhi ya za zamani zina kijiwaya cha kuchomeka kwenye mazabodi, na za bei kubwa kama Corsair AXi huzungumza na kompyuta kwa USB. Kwa hiyo namba ikionekana, kwanza niulize imetoka waya gani.

Wengine husema pawa saplai nzuri hujizima yenyewe ikizidi joto. Ni kweli kwa zenye kinga hiyo, na si zote zinayo. Tena kinga husubiri joto lipande sana, ilhali kapasita za elektroliti zimeshaanza kuumia: kwa kanuni tunayoitumia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Feni inayosuasua huiacha mashine ikifanya kazi huku inaliwa ndani, na ikianza kusumbua, inaniuma kuona RAM na Windows zikibadilishwa kwa kosa la feni. Kuna pia wanaotaka bati lifunguliwe, waya wa mapigo uvutwe hadi kwenye mazabodi. Hapo nakataa kabisa. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa hushika zaidi ya volti 300, na chaji hiyo yaweza kubaki hata plagi ikiwa imeshachomolewa. Na hatari yote hiyo ni kwa ajili ya namba isiyotosha, maana feni yaweza kuzunguka vizuri na vumbi lililoziba likazuia hewa, na nyingine husimama makusudi mzigo ukiwa mdogo, hivyo sifuri yake ni uzima. Kinachopaswa kupimwa ni hewa. Ipe kompyuta kazi nzito kwa dakika kadhaa, kisha shika ukanda mwembamba wa karatasi nyuma ya wavu wa pawa saplai, uone kama unasukumwa nje.