Kutoka Dar hadi Mwalo wa Kibirizi na Programu Nyepesi

Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na Kigoma nilikuwa naijua kwa dagaa wake tu. Kilichonipeleka huko kwa mara ya kwanza ni kazi. Kikundi cha akina mama wanaouza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, kilitaka kuachana na daftari la oda na kuanza kutumia simu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumewaandalia programu ya wavuti: mteja wa Dar, Dodoma au Tabora anaweka oda ya magunia, mama wa mwaloni anaiona, anaithibitisha na kuandika gari litakaloibeba. Tungeweza kuwatumia kiungo kwa WhatsApp na kuwaelekeza kwa simu. Mwenzangu akakataa. "Twende tukaone inavyofunguka kulekule inakotumika," alisema, na kauli hiyo ndiyo iliyonifunza zaidi kuliko vitabu vyote nilivyosoma juu ya seva.

Tuliondoka Dar alfajiri kwa treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Dodoma tukahamia reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Hapo mwendo ukabadilika. Treni ilipita Manyoni, ikaingia katika mapori ya miombo, na mtandao wa simu ukawa unakuja na kuondoka. Karibu na kila stesheni simu zilikuwa zinalia kwa pamoja kwa ujumbe uliokuwa umekwama. Stesheni ikiachwa nyuma, zinanyamaza. Nilifungua kompyuta nikaanza kupitia msimbo wetu nikiwa sina intaneti kabisa.

Tuliketi na kijana anayesoma kompyuta chuoni, aliyekuwa anarudi kwao Tabora. Aliutazama msimbo kwa muda, kisha akauliza, "Kaka, hiyo ni Express?" Nikamwambia si Express, ila ni ya ukoo huo. Akataka kujua kwa nini hatukufanya kama wanavyofundishwa siku hizi, yaani kupeleka programu kubwa ya JavaScript kwenye simu ya mteja, ikazijenge kurasa hukohuko.

Safari ilikuwa ndefu, kwa hiyo nikamweleza tangu mwanzo. Kwa miaka mingi JavaScript ilikuwa hasa lugha ya ndani ya kivinjari. Mwaka 2008 Google walitoa kivinjari cha Chrome na injini yake ya V8, inayoigeuza JavaScript kuwa maelekezo ya mashine na kuifanya ikimbie kwa kasi ambayo watu hawakuizoea. Mwaka uliofuata, 2009, Ryan Dahl alisimama mbele ya mkutano wa waandishi wa JavaScript mjini Berlin akaonesha Node.js: V8 imetolewa kwenye kivinjari na kuwekwa kwenye seva. Seva nyingi za wakati huo zilimtengea kila mteja uzi wake wa kazi, na uzi huo ulikaa bure ukisubiri kanzidata ijibu. Node ilikuja na uzi mmoja usiokaa kusubiri. Ukishapeleka swali kwenye kanzidata, unahudumia mteja mwingine. Jibu likirudi, unaendelea pale ulipoishia. Programu nyingi za wavuti muda wao mwingi huishia kwenye kusubiri, na ndiyo maana seva moja ndogo ya namna hii inaweza kushika maelfu ya wateja kwa wakati mmoja.

Node peke yake ni tupu. Unapaswa kuandika mwenyewe namna ya kusoma anwani iliyoombwa, kuipeleka panapohusika na kuunda jibu. Mwaka 2010 TJ Holowaychuk alitoa Express, fremuweki ndogo iliyorahisisha kazi hiyo, na vizazi vya waandishi wa programu vimejifunzia humo. Mwaka 2016 Waitaliano Matteo Collina na Tomas Della Vedova walianza Fastify, wakiwa na lengo la kupunguza kazi ambayo fremuweki yenyewe inaifanya kwa kila ombi. Kisha Desemba 2021 Mjapani Yusuke Wada akaanza Hono, na hiyo ndiyo tuliyoichagua.

Kijana aliuliza sababu, nikampa tatu. Ya kwanza, Hono haitegemei maktaba nyingine yoyote, hivyo unachosakinisha ni kidogo na unaweza kukisoma. Ya pili, imejengwa juu ya viwango vya wavuti vyenyewe vya ombi na jibu, kwa hiyo msimbo uleule hukimbia kwenye Node, kwenye mazingira mengine ya namna hiyo kama Deno na Bun, au kwenye seva za Cloudflare zilizotawanyika duniani, bila kuandikwa upya. Ya tatu ni namna inavyotafuta njia. Anwani zote za programu, za oda, za wateja na za malipo, huunganishwa mapema kuwa ruwaza moja kubwa. Ombi likifika hulinganishwa mara moja badala ya kupitishwa kwenye orodha kutoka juu hadi chini.

Nikamwonesha mstari mmoja: `app.get('/oda', (c) => c.html(ukurasa))`. Mtu akiomba anwani ya oda, seva inasoma kanzidata, inaandika ukurasa mzima wa HTML na kuutuma ukiwa umekamilika. Simu haina la kujenga, ni kuonesha tu. Jina la mteja likiwa na alama zinazoweza kugeuka kuwa msimbo wa hila, kiolezo cha html cha Hono, tulichoandikia ukurasa huo, kinazigeuza kuwa maandishi ya kawaida kabla ukurasa haujatoka. Kijana alinakili mstari ule kwenye daftari lake, na alipoteremka Tabora alikuwa bado anauliza.

Baada ya Tabora tulipita Kaliua na Uvinza, kisha treni ikashuka taratibu kuelekea ziwani. Stesheni ya Kigoma inatazama maji. Nilikuwa nimesoma kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba duniani linazidiwa kina na Baikal pekee, lakini kusoma si kuona. Ng'ambo ilionekana milima ya Kongo. Mwenyeji wetu alitupitisha karibu na bandari, makao ya Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Nilifurahi kuiona nchi ambamo chombo kizuri hakitupwi.

Jioni tulikwenda Kibirizi kusalimia. "Shikamooni, mama zangu." "Marahaba, wanetu, karibuni Kigoma." Wavuvi walikuwa wanaandaa taa za sola, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali kazi hupungua. Akina mama walitueleza pia kuhusu mapumziko ya uvuvi ya mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa watu ambao kazi yao inaweza kusimama hivyo, daftari la oda si jambo dogo. Likipotea, au kurasa zake zikilowa, mteja wa mbali na mama wa mwaloni hubaki wanabishana nani anadai nini.

Asubuhi mitumbwi ilirudi na mwalo ukajaa watu. Dagaa walimwagwa kwenye vichanja, wanunuzi wakapanga bei, jua likapanda. Mwenyekiti wa kikundi alitoa simu yake, ndogo, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Juu ya kioo hapakuwa na alama ya 4G. Palikuwa na herufi H, ya mtandao wa 3G. Akaandika anwani ya programu huku akikinga jua kwa kiganja. Ukurasa ulikuja wote kwa pamoja, maandishi na majedwali, bila duara la kuzunguka. Jirani yake aliifungua kwa Opera Mini, kivinjari ambacho wengi wanakipenda kwa kuokoa bando. Kivinjari hicho hakiendeshi vizuri programu kubwa za JavaScript, lakini ukurasa wa HTML uliokamilika kwake ni kazi nyepesi. Nao ukafunguka.

Ndipo lilipokuja jaribio ambalo ofisini huwezi kulipanga. Mwenyekiti alijaza oda, akabonyeza kitufe cha kutuma, na mtandao ukakatika papo hapo. Akabonyeza tena. Mtandao uliporudi, simu ilituma. Kwenye orodha ikaonekana oda moja. Hilo halikutokea kwa bahati: kila fomu inayotoka kwenye seva yetu inabeba namba yake ya pekee, na kanzidata haikubali namba moja kuingia mara mbili. Baada ya kupokea, seva humpeleka mtumiaji kwenye ukurasa mwingine, ili hata akiupakia upya asitume tena. Mtu anayeuza magunia kwa fedha za mtaji wake anastahili uhakika huo kabla ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, mwenzangu aliyekuwa anapima kwa kompyuta aligundua jambo. Seva ilikuwa inaandaa ukurasa kwa milisekunde chache, lakini ukurasa wa kwanza kabisa ulichelewa kuliko zilizofuata. Sababu ni umbali. Seva tuliyokuwa tumekodi ilikuwa Ujerumani. Ombi la Kibirizi lilisafiri hadi Dar, likaingia mkongo wa chini ya bahari, likapita Bahari ya Shamu hadi Ulaya, na jibu likarudi njia hiyohiyo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kabla ya kuhesabu mizunguko ya mikongo na vituo vya njiani, na kwa uhalisia inazidi 100. Muunganisho mpya haufunguliwi kwa safari moja: kuna ya kushikana mikono, kuna ya kukubaliana usiri, ndipo ombi lenyewe liende. Hakuna fremuweki duniani inayoweza kuushinda mwendo wa mwanga.

Tulikaa chini ya mwembe na kikundi kizima tukafanya maamuzi. Kwanza, seva ihamie kituo cha data cha Dar es Salaam. Faida yake si kasi peke yake. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilisumbua nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Programu iliyoko ndani ya nchi inaweza kuendelea kufikiwa hata bahari ikiwa na matatizo. Pili, kila ukurasa usizidi kilobaiti 14 baada ya kubanwa. Kikomo hicho kina sababu: seva kwa kawaida huanza kwa kutuma pakiti 10 kisha husubiri kuthibitishiwa, na pakiti hizo hubeba karibu kilobaiti 14. Ukurasa ukitoshea humo, unafika kwa mkupuo mmoja.

Uamuzi wa tatu ulitoka kwa mwenyekiti. Tulikuwa tumeweka picha za dagaa kwenye kila oda. Akasema, "Wanangu, dagaa tunawaona hapa kila siku. Sisi tuonesheni jina la mteja, magunia mangapi, amelipa au hajalipa." Katibu akaongeza kwamba bei ya siku iandikwe juu kabisa, pamoja na tarehe. Picha zikaondolewa pale pale, na ukurasa ukapungua uzito kuliko ambavyo mbinu yoyote ya kiufundi ingeweza kuupunguza. Kwa macho yangu niliona kwamba anayeijua kazi ndiye anayejua kipi ni mzigo.

Tulibaki Kigoma hadi kila mwanakikundi alipoweza kuweka oda na kuifuta bila kusaidiwa. Hata mama asiyesoma kwa wepesi alizitambua rangi mbili tulizoweka, kijani kwa aliyelipa na nyekundu kwa anayedaiwa. Kisha tukarudi Dar, na kazi ya kwanza ilikuwa kuihamisha seva. Kwa kuwa Hono haikufungwa kwenye mashine moja, msimbo wenyewe haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali unapokaa.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaoandika programu, na walimu wanaowafundisha: fremuweki nyepesi ni nusu ya kasi. Nusu ya pili ni kupunguza kinachosafiri na kufupisha njia yake. Andikeni HTML kwanza, JavaScript ya kwenye simu iongezwe pale tu inapohitajika. Jueni seva yenu iko nchi gani. Chukueni simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida, mwende nayo Kigoma, Mtwara au Katavi, mkae na mtu anayeitegemea kazi yenu, mkamtazame akiitumia. Programu ambayo haijafunguka mkononi mwake bado haijakamilika.