Nipigie Picha ya Chini

Picha ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa nyasi, ya nne nyasi, na kama ya hamsini hivi ilikuwa mgongo wa paka wa jirani. Baba mdogo alikuwa ameketi jikoni, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anabonyeza kompyuta kama mtu anayechambua maharagwe. Kadi moja ilikuwa na picha zaidi ya mia sita, na karibu zote zilipigwa kwa sababu upepo ulitikisa majani kwenye jua. Nilikuwa nimeanza kusinzia aliposema, "Huyu hapa."

Saa tisa na dakika kumi na nne usiku. Macho mawili meupe, shingo ndefu, na juu ya kichwa pembe ambazo bado zilikuwa zimevikwa ngozi laini, kama zimefunikwa na blanketi. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo. Alikuwa ameinua mguu mmoja na hajaushusha. Alikuwa anatutazama.

Hii ilikuwa mwisho wa Agosti, Wisconsin, Marekani. Nilikuja huku kusoma, na kwa kuwa mama mdogo aliolewa huku miaka mingi iliyopita, wikendi zangu nyingi ziliishia shambani kwao. Mumewe ni mzungu mrefu kiasi kwamba anainama kupita mlangoni, lakini kwa hesabu ya kwetu yeye ni baba mdogo, na amelizoea jina. Analima mahindi na soya. Na kila mwaka, kuanzia Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwezi wa Novemba, anaacha kila kitu kwa siku tisa na kwenda kuwinda. Si yeye pekee. Jimboni hapa zaidi ya nusu milioni ya watu hununua leseni ya msimu huo wa bunduki. Kuna shule zinafungwa. Ni kama Krismasi, ila watu wote wamevaa rangi ya chungwa inayong'aa ili wasipigane risasi.

Lakini kuwinda, nilikuja kugundua, huanza miezi mitatu mapema, na huanza kwa kamera.

Ni kasanduku kadogo ka rangi ya gome la mti. Unakafunga kwenye shina, usawa wa kiuno hivi, kakitazama kaskazini ili jua likichomoza au likizama lisikapofushe. Ndani kuna kihisi kinachosikia joto linalotembea. Mnyama akipita, kinaamka, kinapiga picha kwa mwanga ambao jicho la binadamu halioni vizuri, kisha kinalala tena. Kuna zile za bei zinazotuma picha moja kwa moja kwa simu. Baba mdogo ana mbili za kutuma na tatu za kizamani za kadi, na anazipenda zile za kizamani zaidi kwa sababu zinamlazimu atembee.

Si teknolojia ya jana. Mwaka wa 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha za wanyama wa usiku za mtu anayeitwa George Shiras, mwindaji aliyegeuka mpiga picha, ambaye kazi yake nyingi aliifanya Michigan, jimbo jirani. Alikuwa anatega uzi: mnyama akiugusa, taa inalipuka, na mnyama anakuwa amejipiga picha mwenyewe. Kwa hivyo zile picha za chui mweusi wa Laikipia tulizotumiana hadi bando zikaisha mwaka wa 2019 zina babu yake, na babu yake alikuwa mwindaji.

Wangu pia alikuwa.

*

Nilituma picha ya yule dume kwenye group ya familia. Nikaandika tu: "Mnyama wa huku. Mnamwitaje?" Kamusi inasema kulungu, lakini kulungu wa kwetu ni mwingine kabisa. Huyu mkia wake ni mweupe kwa chini, na akishtuka anauinua kama mtu anayepunga leso.

Mama alisoma, hakujibu. Binamu wakatuma vikatuni. Halafu jioni yao ikaingia sauti ya dakika mbili, kutoka simu ya binamu anayekaa na Babu kule Kitui. Kwanza kulikuwa na kukohoa. Kisha Babu, polepole: "Huyo ni dume. Hajazeeka. Ameshaumwa sikio. Muulize mkwe wangu, hizo pembe zina nini?"

Niliisikiliza mara tatu. Babu ana zaidi ya miaka themanini, na katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia akizungumzia mnyama wa porini. Wala mtu mwingine kwetu.

Stori yenyewe nilikuwa naijua vipande vipande. Babu alikuwa mwindaji wa upinde na mishale ya sumu, kama baba yake. Hata enzi hizo ulihitaji leseni, na leseni ilikuwa ya watu wengine. Theodore Roosevelt alikuja na kibali mwaka wa 1909, na kwenye safari ile yeye na mwanawe wakaangusha wanyama 512, akarudi kwao akaandika kitabu. Mwaka wa 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote, wa mzungu na wa mwafrika. Sisemi sheria ilikosea. Ndovu walikuwa wanaisha. Lakini miaka michache baadaye Babu alikamatwa na digidigi wawili begani, wanyama wasiofikia uzito wa mbuzi, akafungwa. Mama alikuwa darasa la tatu. Watoto shuleni walimwita mtoto wa jangili. Babu alirudi, akachoma upinde, akafuga mbuzi. Stori ikazikwa hapo.

Na sasa mzee alikuwa anauliza kuhusu pembe.

Nikamweleza: mnyama huyu huziangusha pembe zake kila mwaka baridi ikifika, halafu huota nyingine. Hiyo ngozi laini ndiyo inazilisha zikikua, kisha Septemba inachubuka.

Jibu likaja na kicheko. "Zinaanguka? Kama majani? Huyo ni mnyama gani huyo!"

*

Tukaanza hivyo. Kila Jumapili nilituma picha, kila Jumatatu nilipata sauti. Yule dume tulimpa jina Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa anatokea anapotaka, hasa usiku, anakula mahindi ya watu kisha anapotea mpaka hujui kama atarudi. Baba mdogo nilipomtafsiria alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Lakini Babu hakuridhika na picha. Wiki ya nne akasema, "Hiyo mashine inakuonyesha mnyama. Mnyama nimemwona. Nipigie picha ya chini."

"Ya chini wapi, Babu?"

"Pale anapokanyaga."

Basi nikatoka na simu, nikainama kwenye matope kando ya kijito, nikapiga picha za kwato. Nikaweka kalamu kando ili aone ukubwa. Nikapiga kinyesi. Nikapiga mti mchanga ambao madume walikuwa wameukwaruza pembe hadi ukabaki bila gome, na mahali walipoparua udongo na kukojoa chini ya tawi. Nilijisikia mjinga. Miaka yote ya shule, na sasa nilikuwa nafanya kazi ya kupiga mavi picha.

Alivyosoma zile picha, sijui niseme nini. Hapa jike na watoto wawili. Hapa mmoja amekimbia, tazama kwato zimefunguka. Huyu mkubwa ana haraka akienda, hana haraka akirudi, kwa hivyo chakula kiko huku na kulala ni kule. Baba mdogo, aliyewinda tangu akiwa na miaka kumi na miwili, alichukua daftari akaanza kuandika.

Katikati ya Oktoba Mheshimiwa akapotea. Kamera ya kijitoni ilikuwa na majike, rakuni, hata mimi mwenyewe nikipita na mdomo wazi, lakini yeye hakuwepo. Baba mdogo alidhani amegongwa na gari, maana huku wanagongwa sana. Mimi nikafanya nilivyoagizwa. Nikatuma picha za chini, hatua kumi kabla ya ule mti wa kamera na hatua kumi baada yake.

Babu alipiga simu. Hakuwahi kunipigia.

"Njia imekunjwa," alisema. "Kabla ya mti anatoka, anazunguka kwenye vichaka, anarudi mbele. Hajapotea. Ameshawaona." Kisha, baada ya kimya: "Wewe umemwona mara ngapi kwa hiyo mashine?"

Nikahesabu. "Kumi na saba."

"Na yeye amekuona mara ngapi?"

*

Jioni ile nilimuuliza baba mdogo kama hii kitu ni haki kweli. Alisema kuna majimbo yanajiuliza vivyo hivyo. Arizona, kuanzia Januari 2022, wamekataza kutumia kamera hizi kusaidia kuwinda, kwa hoja kwamba mnyama lazima apewe nafasi ya kukwepa. "Mimi naona kamera inanisaidia kujua nani simpigi," alisema. "Jike mwenye mtoto mdogo, dume ambaye bado hajakomaa." Akanyamaza kidogo. "Lakini baba mkwe wangu ametushinda bila betri."

Keshoye alihamisha dungu lake, kile kiti cha juu mtini, akalipeleka upande wa vichaka.

Ndipo Mama alipopiga. Hakusalimia. "Mnamfanya nini baba yangu? Watu walimfunga kwa mambo hayo. Miaka arubaini amekaa na mbuzi wake kwa amani, na wewe unamrudisha porini kwa simu."

Nikasema ana furaha. Nikasema anacheka.

"Najua anacheka," Mama akasema. "Nimemsikia. Sijui kama unaelewa, mimi sijawahi kumsikia akicheka hivyo." Akakata.

*

Siku ya kwanza ya msimu tulipanda dungu gizani. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Mimi sikuwa na bunduki, nilikuwa nimekuja kukaa tu. Sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na dakika hiyo ilipofika milio ilianza kusikika mbali, moja moja, kama milango inayofungwa katika mtaa mkubwa. Kwetu kulikuwa kimya. Theluji nyepesi ilikuwa imeanguka usiku, na chini kulikuwa kama daftari jipya.

Saa mbili kasorobo alikuja. Hakutoka kwenye ujia, alitoka kwenye vichaka, pale pale mzee alipochora kwa maneno kutoka Kitui. Pembe sasa zilikuwa safi, shingo imenenepa kwa msimu wa kutafuta majike, na lile pengo la sikio. Nilikuwa nimemjua karibu miezi mitatu. Nilijua anapenda kula wapi, analala wapi, na mguu gani hutangulia. Nilitaka kukohoa. Nakuambia ukweli, kikohozi kilikuwa tayari kooni.

Sikukohoa. Risasi ilikuwa moja.

Alikimbia kama hatua thelathini, akaanguka. Tulingoja, kisha tukashuka. Baba mdogo alivua kofia, akapiga goti, akamwekea mkono begani na kukaa hivyo kitambo. Nami nikasimama nikitazama zile alama kwenye theluji, zilizokuwa zinakuja vizuri, kisha zinaruka, kisha zinaishia kwa yeye.

Nilipiga simu ya video. Kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Binamu akamshikia Babu simu. Nilimwonyesha kwanza chini, bila kuambiwa. Alama zote, kutoka vichakani hadi mwisho. Akawa anasema "mm, mm." Halafu nikamwonyesha kwato, pembe, sikio. Nilitegemea afurahi. Nilitegemea kile kicheko.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anaangalia pembeni, kama mtu anayesikiliza kama kuna gari linakuja.

"Karatasi iko?" aliuliza.

Sikuelewa mara moja. "Karatasi gani, Babu?"

"Ya mkwe wangu. Ya ruhusa. Iko?"

Nikamtafsiria baba mdogo. Hakuuliza swali. Alivua glavu, akafungua zipu ya koti, akatoa leseni na kibali chenye namba cha mnyama huyu mmoja, ambacho lazima akisajili kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho. Alivifungua, akavinyoosha juu ya goti, akavishika mbele ya kamera kwa mikono miwili, kama unavyomkabidhi mkubwa kitu.

"Leta karibu," Babu akasema.

Nikaleta karibu.

"Karibu zaidi."

Nikaleta hadi karatasi ikajaza kioo chote. Babu hasomi Kiingereza. Alisoma hivyo hivyo, polepole, midomo ikisogea, kuanzia juu mpaka chini. Nyuma yake nilisikia mbuzi wakiingizwa zizini. Mikono ya baba mdogo ilikuwa imeanza kutetemeka kwa baridi, lakini hakuishusha.

"Sawa," Babu akasema mwisho. "Basi mchuneni kabla hajaganda. Na ini msimpe mtu, ni la aliyemfuata."

Nikamuuliza nani hasa aliyemfuata, mimi au baba mdogo.

"Si ndiyo nakuuliza," akasema. Na hapo ndipo alipocheka.