Mgeni Naye Apone



Kijana wa Dar es Salaam anapopangiwa kufundisha Mbinga, husafiri takriban kilomita 1,000. Alikotoka, jirani hakujua jina lake. Huku, kabla hajafungua sanduku, mwenye duka ameshajua kwamba hana mke. Sisi wenyeji twamwuliza ataoa lini. Jioni twamwacha ale peke yake.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Basi jumuiya isingoje mgeni ajitokeze. Tumbishie hodi, tumkaribishe mezani, na habari ya ndoa tumwachie aianze mwenyewe. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye huhitaji kupona. Asipopona ataondoka, na watoto wetu watabaki bila mwalimu.

Jumapili njema.