Msitu Unaosimama Majini

Sisi watu wa Kamatanda tunaujua msitu wa miombo. Miti yake husimama pakavu, na kabla ya mvua huvaa majani mapya mekundu. Lakini katika nchi yetu hii ya Kongo uko msitu mwingine, nao husimama majini: ni mikoko ya Muanda, pale mto Kongo unapoingia baharini. Tangu mwaka 1992 ni hifadhi ya taifa.

Siku moja mtoto wa jirani aliniuliza, “Baba, maji ya kijito hiki yanakwenda wapi?” Nikamchorea mchangani kwa kijiti. Vijito vya Likasi huingia Lufira, Lufira huingia Lualaba, na Lualaba ukifika Kisangani huitwa Kongo. Basi maji tunayofulia nguo hapa yameanza safari ya kwenda kwenye mikoko.

Mti huo ni wa ajabu, ndugu msomaji. Huota katika tope la chumvi, ambamo miti mingine ingekufa. Mizizi yake hutoka juu ya shina na kuinama kama miguu ya buibui, ili maji yakijaa na kupwa yasiuangushe. Mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, ikawa ndefu kama mkuki. Ikianguka, hujichoma topeni au huelea mpaka ipate pa kushika. Majani makavu huliwa na kaa na vidudu, na samaki wachanga hula vidudu hivyo huku wamejificha katika mizizi. Katika maji hayo yumo pia nguva, mnyama mkubwa mpole, anyonyeshaye mtoto wake na kula majani.

Huko nako watu hukata miti kwa kuni, kwa makala na kwa kukausha samaki. Siwalaumu, maana chungu hakichemki bila moto, na sisi tunafanya vivyo hivyo. Ila mti wetu wa miombo ukikatwa, kisiki huchipua tena, kama moto haukiunguzi. Mkoko mkubwa wa mizizi ile ukikatwa, mara nyingi kisiki hufa. Hapo samaki wachanga hukosa nyumba, na mwishowe mvuvi hurudi na wavu mtupu.

Mtu atasema, “Kongo ni mto mkubwa mno, uchafu wetu utapotea humo.” Labda. Lakini kabla ya kufika Kongo, maji yetu hupita mbele ya milango ya watu. Kwa hiyo tusimwage kijitoni mafuta machafu ya motokari, wala tusitupe humo betri mbovu. Tena tuviache visiki vya vilimani vichipue, ili mvua isipeleke udongo wote mtoni. Muanda ni mbali, ni kweli. Bali wavuvi wa Lufira ni jirani zetu, na samaki wao tunawanunua sokoni.